Farasi wa Tango kwenye Jukwaa la Wageni

Asubuhi ya siku ya kuwapokea wafu, wanaorudi makwao siku chache kila mwaka, Bi Fumie Sonobe alivunja vijiti vya kulia chakula, akavichomeka kwenye tango, akapata farasi. Akachomeka vingine kwenye biringanya, akapata ng'ombe. Farasi ni wa kumleta marehemu haraka, ng'ombe ni wa kumrudisha taratibu, maana hakuna anayependa kumsindikiza mtu wake mbiombio. Akawapanga mbele ya kabati dogo la ibada lenye picha ya mumewe, akachemsha boga, akalaza bia kwenye barafu, na jioni akawasha moto mdogo mlangoni ili asipotee njia.

Mumewe hakuja. Mwaka uliotangulia pia hakuja.

Ng'ambo ya uchochoro mzee Nagatsuka alikuwa ameshafika, ameketi kibarazani akijipepea, na mkewe anamlalamikia kwamba tangu afe uvivu umemzidi. Bi Nagatsuka akamwona jirani yake amesimama mlangoni na majivu ya moto wake.

"Wako bado?"

"Bado. Labda farasi ni mdogo."

"Farasi unamsingizia bure. Mimi nimemwona wako kwenye televisheni. Yuko uwanjani, jukwaa la kampuni, anapiga ngoma."

"Kunihiko hajui mpira, jirani. Hata kuotea hakujui."

"Sasa ngoma inataka kujua kuotea?"

Kunihiko Sonobe alikuwa karani wa oda katika Kampuni ya Mabomba ya Kurebane tangu ndevu zake za kwanza. Alifia mezani kwake mwezi wa kufunga hesabu, kalamu mkononi, baada ya kulala ofisini siku nyingi mfululizo. Kampuni ilisema moyo wake ulikuwa dhaifu, kana kwamba moyo huo ulikuja kazini wenyewe. Asubuhi ya mwisho alivaa viatu akasema, "Naenda, narudi," kama kila mtu wa nchi ile asemavyo akitoka, na Bi Fumie akajibu kama kila mtu ajibuvyo, "Nenda urudi." Anayerudi husema, "Nimerudi," naye huambiwa, "Karibu nyumbani." Maneno hayo ya mwisho hayakuwa yamesemwa katika nyumba ile. Yalikuwa kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Kila akipita Bi Fumie aliisikia ikitokota. Hakutaka kingine kwa kampuni, wala kwa marehemu. Alitaka mumewe aingie mlangoni mara moja, aseme neno lake, ajibiwe, ndipo apumzike. Aliyekufa ana haki ya kupumzika; hilo hata asiyesoma analijua.

Timu ya Korongo wa Kurebane ni mali ya kampuni. Wafanyakazi hujaza jukwaa lao kwa hiari, na asiyekuwa na hiari huitwa kueleza kwa nini. Korongo walikuwa wacheze nyumbani siku ya mwisho ya wafu, jioni, na Ngisi wa Isonagi. Bi Fumie alikwenda dirisha la tiketi. Jukwaa la kampuni haliuzwi, akaambiwa. Majukwaa mengine yamekwisha. Limebaki la wageni.

"Mama ni shabiki wa Ngisi?" akauliza binti wa dirishani.

"Mimi ni mjane."

Binti akatazama mashine yake. "Samahani sana. Kwenye mfumo kuna Korongo na Ngisi tu."

"Basi niandike Ngisi."

Siku ya mchezo alimfunga farasi kwenye leso, akamtia mfukoni. Mlangoni mzee mmoja mwenye kizibao kinachong'aa alikuwa akikagua mizigo. Makopo yalimiminwa kwenye vikombe vya karatasi na chupa zikawekwa kando. Akafungua leso ya Bi Fumie.

"Hii nini?"

"Farasi."

"Hana chupa ndani?"

"Ni tango, baba."

"Apite." Kisha mzee akainamisha kichwa. "Lakini leso yako, mama, ni ya manjano. Ni rangi ya wenyeji. Wageni wakiiona wanaweza kuumia moyo. Samahani sana." Akaikunja pembe kwa pembe, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akampa kipande cha karatasi cha kuichukulia baadaye.

Jukwaa la wageni lilikuwa na watu waliovaa zambarau, na mbele yao jitu moja liitwalo Gosuke, muuza samaki wa Isonagi, mwenye ngoma tumboni na tumbo chini ya ngoma.

"Bibi, wewe wa Isonagi mtaa gani?"

"Mimi wa hapahapa Kurebane."

Gosuke akafikiri.

"Umehama?"

"Kama ndivyo ilivyoandikwa."

"Karibu sana! Mwenye akili huhama mapema." Akamvisha taulo lenye picha ya ngisi, akamtia mkononi kijiti cha ngisi wa kukaanga.

"Mnajila wenyewe?" akauliza Bi Fumie.

"Ndiyo mapenzi hayo, mama. Kula kabla hajapoa."

Mchezo ukaanza. Bi Fumie hakuutazama. Alitazama jukwaa la mbele, lililokuwa la manjano lote. Safu za juu zilikuwa za walio hai, wakiimba huku wakichungulia simu chini ya bendera. Safu za chini, karibu na nyasi, walipangwa wafu, kwa sababu hawachoki. Walikuwa na mashati yao meupe ya ofisini na skafu za manjano, nao waliruka kwa pamoja bila mmoja kupitiliza. Kunihiko alikuwa katikati, na ngoma. Aliipiga kwa uso ule aliokuwa nao kwenye harusi za mabosi, wakati wa hotuba.

"Wanatuonea," Gosuke alisema, akifuta jasho. "Ona wafu wao walivyo wengi. Sisi Isonagi tuna viwanda vidogo, wafu tunaobahatika kupata ni wawili watatu."

"Na mmoja anaumwa mgongo," akasema mwingine nyuma.

Ngisi wakafunga. Ngisi wakafunga tena. Jukwaa la kampuni halikupunguza hata pigo moja. Timu iongoze ama ifungwe, wimbo ni uleule. Kisha ubao mkubwa ukaonyesha idadi ya watazamaji, na idadi ilizidi viti. Mtangazaji akashukuru kwa sauti ya asali na uwanja mzima ukapiga makofi. Kampuni iliwahesabu wafu wake kwenye mahudhurio. Kwenye vifo vya kazini haikuwahi kumhesabu hata mmoja.

Wakati wa mapumziko Bi Fumie alikwenda hadi kwenye kamba inayotenga majukwaa. Yule mzee wa kizibao alikuwa amehamishiwa hapo.

"Nataka kuvuka. Yule mwenye ngoma ni mume wangu."

"Naamini kabisa, mama."

"Leo ndiyo siku yao ya mwisho. Ikipita leo, ni hadi mwakani."

"Ni kweli. Hata wangu yumo mule, mdogo wangu, safu ya pili. Samahani sana. Mgeni havuki." Akainama, na akabaki ameinama mpaka Bi Fumie alipoondoka, ili asionekane kumfukuza.

Ngisi wakaongeza la tatu na firimbi ikalia. Wachezaji wakaja kuinama mbele ya kila jukwaa, walioshinda kwa furaha na walioshindwa kwa muda mrefu zaidi. Ndipo mifuko ya takataka ikatolewa. Katika nchi ile hakuna aondokaye uwanjani akaacha uchafu wake, na mwenye heshima zaidi huokota na wa mwenzake. Gosuke, aliyekuwa amelia kwa ushindi, aliinama kuokota vijiti vya ngisi.

Bi Fumie naye alipewa mfuko. Akaokota kikombe kilichokuwa miguuni pake. Kando yake palikuwa na kijiti, akakiokota. Mbele ya kijiti palikuwa na karatasi. Akaenda hivyo, mgongo umeinama, mpaka kwenye kamba. Ng'ambo ya kamba palikuwa na kifuniko.

Mzee wa kizibao aliona bibi na mfuko wa takataka. Akainyanyua kamba.

"Pole na kazi, mama."

Akaokota kifuniko, akaenda mbele. Hakuna aliyemuuliza tiketi tena. Walio hai walimpisha wakisema asante, na mmoja akamwongezea ganda la ndizi.

Kunihiko alikuwa akikunja bango na wenzake, ncha juu ya ncha.

"Baba Natsumi."

Akageuka. "Mama Natsumi!" Kisha akaliona taulo. "Umekuja na Ngisi?"

"Ndiyo tiketi iliyokuwepo. Umekonda."

"Nimekufa."

"Hata hivyo."

Wakatazamana. Wenzake wakageukia upande wa pili kwa adabu, bango likiwa bado mikononi.

"Boga limeiva," alisema Bi Fumie. "Bia ipo. Twende nyumbani. Hata usiketi, fika tu mlangoni useme neno lako. Nimekuletea farasi."

Kunihiko alimchukua farasi, akamgeuza. Mguu mmoja ulikuwa umelegea. Akausukuma ndani kwa kidole gumba, polepole, akamjaribu juu ya kiganja mpaka akasimama sawa.

"Siwezi," akasema. "Kuna kikao cha kujitathmini. Tumepwaya kipindi cha pili."

"Mmefungwa na miguu ya watu. Ngoma inahusu nini?"

"Ndicho kitakachojadiliwa. Na siwezi kuondoka kabla ya mkuu, na mkuu haondoki kabla ya mkurugenzi."

"Mkurugenzi yuko wapi?"

"Aliondoka mapumziko. Lakini hajasema kama ameondoka."

Hapo akafika mkuu mwenyewe, Bwana Iwabuchi wa idara ya utumishi, mtu hai, mwenye skafu ya manjano na jasho la kweli. Alianza kuinama akiwa bado mbali.

"Mke wa Sonobe! Mumeo tunamtegemea mno. Toka aje huku chini ngoma haijakosea."

"Mkuu, naomba ruhusa yake. Jioni hii tu."

Bwana Iwabuchi akavuta hewa kupitia meno, sauti ndefu ambayo kila mtu wa nchi ile anajua maana yake ni hapana.

"Ruhusa ni ya waajiriwa, mama. Marehemu si mwajiriwa tena. Tulimfuta siku ileile, kwa masikitiko."

"Kama si wenu, basi namchukua."

"Kwa ruhusa si wetu. Kwa kushangilia ni wa familia. Familia ya kampuni."

"Na mimi ni nani?"

Bwana Iwabuchi akatazama taulo lake kwa huruma. "Wewe, mama, leo umekuja na Ngisi."

Kisha akajipanga, mikono kwenye mishono ya suruali, akapaza sauti: "Tunaomba radhi kwa dhati kabisa!" Akainama mpaka mgongo ukawa meza. Walio hai nyuma yake wakainama. Wafu wakainama. Kunihiko akainama pamoja nao, farasi kifuani, akimwomba mkewe radhi kwa niaba ya kampuni kwa kumzuia yeye mwenyewe. Maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kumwomba radhi. Bi Fumie aliuona utosi wake, pale upara ulipokuwa umeanza, alipozoea kumpaka mafuta.

Walipoinuka, Bwana Iwabuchi alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza jambo.

"Na kuhusu usafiri, usiwe na wasiwasi. Idara imeandaa ng'ombe."

Ilikuwa kweli. Kando ya ukuta trei za biringanya zilikuwa zimepangwa, zote saizi moja, kila biringanya na vijiti vyake na nembo ya kampuni ubavuni. Kikao kikafanyika hapohapo, wima. Wafu walikiri kwamba walipwaya na wakaahidi kuzidi mwakani. Kisha wakajipanga mstari, kwa cheo, kila mtu na ng'ombe wake.

Kunihiko akamrudishia mkewe farasi kwa mikono miwili. Alipofika mwisho wa mstari aligeuka. Mdomo wake ulikuwa umezoea, haukumsubiri.

"Naenda, narudi."

Na mdomo wa Bi Fumie, uliozoea miaka ileile, ukajibu: "Nenda urudi."

Wakaondoka taratibu, kama ng'ombe waendavyo. Mtangazaji wa sauti ya asali akawaomba watu wote wahakikishe hawajasahau chochote chao. Bi Fumie alitazama kulia na kushoto. Jukwaa lilikuwa safi, hata kijiti hakikubaki, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kukaa pale. Akaukabidhi mfuko wake wa takataka. Mpokeaji akamwonyesha farasi kwa kidole, akauliza kama naye ni taka ya kuchomwa.

"Huyu si taka," akasema Bi Fumie.

Akatokea mlango wa wageni, kwa kuwa ndio uliokuwa wake, na leso yake akarudishiwa, imenyooshwa.

Nyumbani kwake palikuwa kimya. Akavua viatu. "Nimerudi," akasema, maana ndivyo mtu asemavyo akiingia. Akamweka farasi mbele ya picha, akala boga akiwa amesimama. Ng'ambo ya uchochoro mzee Nagatsuka alikuwa akipandishwa ng'ombe wake huku mkewe akimkemea asisahau kofia.

"Umempata?" Bi Nagatsuka akapaza sauti.

"Nimempata. Ana kazi."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

Asubuhi mtu wa kampuni alileta kifurushi kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na barua ya kuomba radhi, iliyochapwa vizuri, keki za maharage matamu, na tiketi ya bure ya siku ya wafu mwakani. Tiketi ilikuwa ya jukwaa la wageni, kwa kuwa kwenye mfumo yeye alikuwa Ngisi.

Bi Fumie aliiweka kabatini, karibu na farasi. Akasali. Kisha akafungua sanduku, akala keki moja. Ilikuwa tamu kweli. Hilo hakuweza kuwanyima.