Swali la Muhula Ujao

...na muhula ujao tutasoma nini, dada, ndivyo alivyouliza huyu msichana wa sheria aliyekaa mbele, na mimi nimesimama na chaki mkononi kama niliyemwagiwa maji ya baridi, maana mlezi wetu, mhadhiri pekee aliyekubali kutia saini ili sisi wanafunzi tufundishane wenyewe sera ya anga za juu, amenivuta pembeni kabla ya kipindi akaninong'oneza, binti, idara imeifuta kozi yenu, jikaze, leo malizia vizuri, akanipigapiga bega, akaenda zake, jikaze, neno jepesi hilo mdomoni mwa anayeondoka... wananitazama, wale wa uhandisi wamekaa pamoja kama kawaida yao, mtani wao anasema, "Tutasoma namna ya kuhamia mwezini, hapa maji hayatoki," wanacheka, nami nacheka, meno tu... mwenzangu angekuwepo angejibu yeye, ndiye mwenye maneno, kozi yenyewe tuliianzisha wawili, tumekaa sakafuni chumbani kwake, ananiambia sikiliza, hata kama nchi yetu haijarusha hata kopo angani, lazima tujue nani anagawa nafasi za setilaiti huko juu, wenzetu wakishajaa tutaambiwa tumechelewa, nikamwamini, nikaacha uhasibu, mama akaniuliza, mwanangu, huko juu kuna serikali gani hata isomewe sera, nikamcheka, nilimcheka mama yangu mbele ya shangazi zangu, naye akanyanyuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa... halafu mwenzangu akapata chuo ng'ambo, akanikumbatia, nakuachia kozi, shikilia hapo hapo, nikashikilia, nikafundisha mikataba, nikafundisha nani analipa chuma cha setilaiti kikimwangukia mtu shambani, na siku hizi nikimwandikia ananijibu kwa picha ya kidole gumba, basi, kidole gumba... "Dada?" msichana anarudia, taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa, na naweza kumdanganya, niseme tutasoma sheria za kuchimba madini mwezini, macho yatamng'aa, au niseme ukweli, hakuna muhula ujao, rudini kwenye kozi zenu, lakini kilichonikaba si uongo wala ukweli, ni kile kilichonitoka pale mlangoni mlezi aliposema imefutwa, kabla sijaumia, kabla hata sijaelewa, nilishusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani, nilifurahi, Mungu wangu, nilifurahi... na miezi yote hii nikimlaani mwenzangu kwamba ametutupa, kumbe yeye aliondoka kwa ndege, mimi nimeondoka nikiwa nimesimama hapa hapa mbele yao, tangu lini sijui, na sauti tu ndiyo iliyobaki ikifundisha, na huyu msichana bado ananisubiri, ameshafungua kalamu, ameandika tarehe juu ya ukurasa mpya na kuipigia mstari...