Mafua ya Posa

"Mgeni njoo, mwenyeji augue!" alifoka Mzee Kambere wa Mulekera, akipenga kamasi. Wageni wa posa kutoka Butembo, waliokuwa wamerudi kusikia jibu, ndio waliomletea mafua safari ya kwanza, kwa hiyo haozeshi binti.

Kavugho, binti mwenyewe, alifanya kazi maabarani. Alikuwa amechukua kamasi za wote, wageni na wenyeji, akasoma vinasaba vya virusi na kuvipanga kiukoo.

"Papa, hii virusi yote ni ukoo moja. Ya kwako ndiyo babu, ya bageni ni bajukuu. Ulikuwa unakohoa, ukaonja kasikisi ya ndizi wewe kwanza, kisha ukabapa kibuyu ile ile, juu baone pombe haina sumu!"

"Mbele ya bakwe! Omba musamaha!"

"Hapana, papa. Siombi."