Kondoo wa Kumpelekea Mungu

Kondoo aligoma mlangoni mwa kanisa. Nilimvuta kwa kamba, nikamsukuma kwa goti, naye akakaza miguu ya mbele kama mtu aliyeitwa barazani kujibu kesi. Nilikuwa nimetembea naye tangu alfajiri kutoka Mwello, na sikuwa na nia ya kurudi naye.

Kwetu, ukimkosea mtu mzito huendi mikono mitupu. Unatanguliza mnyama, unatafuta wa kukusemea, ndipo unakaribishwa kuketi. Na mimi nilikuwa nimemkosea Mungu. Miaka miwili nyuma, askari wa chifu walipokuja kukamata watu wa kuchimba barabara, jina walilolitafuta lilikuwa langu, Oketcho. Niliwaonyesha mdogo wangu Othieno, aliyekuwa akipalilia pamba, nikasema, "Yule pale." Alirudi na mguu uliovunjwa na jiwe, akahamia Buteba kwa wakwe zake, akiamini askari ndio waliokosea. Tangu hapo kila sala niliyoianza niliiacha njiani.

Mwalimu Ojangole, aliyetufundisha dini, alimtazama kondoo, kisha mimi. Nikamweleza yote, nikamwomba anisemee kwa Mungu.

"Rudisha hii kondoo, ndugu yangu," alisema. "Kwa kesi hii, yule tulimkosea ndiye alitoa kondoo. Alishatoa, pale msalabani."

Nilikasirika, sifichi. Kulipa ningeweza, kusamehewa bure kuliniacha bila pa kujificha. Nikauliza, basi mimi nifanye nini? Akasema Mungu ameshaninyooshea mkono, niupokee, na nikishaupokea nitaijua mwenyewe njia ya Buteba.

Kondoo nilimwacha akila majani ya uwanja wa kanisa. Nikaenda siku ileile, bila msemaji. Othieno alikuwa shambani, akipalilia ameketi, akijikokota kutoka shina hadi shina. Nikasema upesi, nisije nikageuza maneno.

"Askari hawakukosea. Ni mimi niliyekuonyesha."

Jembe lake likatulia.

"Leo sina neno la kukupa," akasema.

"Sikufuata neno."

Nikavua shati, nikashika mstari uliofuata. Nilipalilia mpaka jua likazama, nikalala kwenye kibanda cha mbuzi, asubuhi nikapalilia tena. Hakunifukuza, wala hakuniita. Siku ya tano mkewe, Amuge, alileta uji katika kibuyu kimoja. Othieno akanywa, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akanisogezea.