Kitanda cha Mativo

Jumatatu asubuhi Nthoki aliwaachia wasichana wake chai na mkate, akaenda mjini kuomba mkopo wa nyumba. Alikuwa mpiga taipu katika kiwanda cha rangi kule Industrial Area. Nyumba waliyokaa mtaani Jericho ilikuwa ya halmashauri ya jiji, imeandikwa jina la mumewe, Mativo, na Mativo alikuwa amefariki. Halmashauri ilitaka watoke kabla ya Desemba. Katika mtaa mpya kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili isiyo na mwenyewe bado, na Nthoki alikuwa na akiba ya malipo ya kwanza.

Alipoketi mbele ya afisa wa kampuni ya mikopo, Bwana Mbuthia, kitanda kilikuwa nyuma yake. Hakuna aliyekileta. Kilikuwa cha mvule, cha futi tano, na godoro lake lilikuwa limebonyea upande mmoja.

"Hiki ni chako, mama?"

"Kilikuwa changu."

"Basi kiko kwenye rekodi yako."

Nthoki hakubisha. Yeye na Mativo walikuwa wamekichukua dukani kwa kulipa kila mwezi. Mativo alipougua ini aliachishwa kazi, na malipo yakakwama yakiwa karibu kwisha. Watu wa duka walikuja na pikapu kukichukua. Walimwomba mgonjwa ashuke, na mmoja wao akamshika mkono asianguke. Mativo akafia kwenye mkeka wiki hiyo hiyo. Duka likamuuzia mtu mwingine kitanda, na deni likabaki kwa Nthoki.

Mbuthia alisema kampuni haimkopeshi mtu anayefuatwa na kitanda. Hakusema kwa ubaya. Kabla yake alikuwa amemrudisha fundi mmoja aliyefuatwa na cherehani. Nthoki akauliza kama akilipa kilichobaki kitaacha kuja.

"Utakuwa umelipa," Mbuthia alisema. "Lakini kitakuja tu, kwa sababu kiliwahi kuchukuliwa."

Waruguru, muuza nguo wa soko la Gikomba aliyekuwa akingoja zamu yake, alikuwa amechoka kusimama. Akakikalia kile kitanda.

"Mama, mzee wako ameamka sasa hivi? Huku kuna joto."

"Amekufa."

"Pole," Waruguru alisema, akasogea upande wa pili.

Jioni Nthoki alimweleza mama mkwe wake, Kanyiva, kwamba nyumba imeshindikana, na kwamba kitanda kilikuja kikiwa na joto. Kanyiva hakuuliza habari za nyumba. Aliuliza godoro lilikuwa na joto upande gani. Nthoki akamwambia, upande wa ukutani, aliokuwa akilalia Mativo. Kanyiva alikuwepo siku ile ya pikapu. Ndiye aliyetandika mkeka.

Siku ya pili Nthoki aliomba ruhusa kazini, akampeleka Kanyiva kwenye kampuni nyingine ya mikopo. Kitanda kikaja. Kanyiva alivua viatu, akalala, akaweka mkono pale penye joto. Afisa alikataa ombi, akaagiza chai, akawaacha. Walipofunga ofisi alimwamsha Kanyiva kwa upole.

Desemba walihamia mtaa wa Huruma, chumba kimoja, wasichana wakilala chini ya meza. Ile nyumba ya mtaa mpya ilinunuliwa na bwana mmoja mwenye nyingine mbili, akaipangisha.

Nthoki alilimaliza deni la duka mwaka uliofuata. Kitanda hakikuacha kuja, kama alivyoambiwa, lakini nyumbani hakiji. Huja pale tu anapoomba mkopo. Kwa hiyo kila mwezi akipata nafasi humshika Kanyiva mkono, wakaenda kuomba. Benki, vyama vya akiba, hata kampuni za bima, amezimaliza karibu zote, na sasa ameanza kuzirudia. Huketi, huweka karatasi zake mezani, humsikiliza afisa. Nyuma yake mama mkwe huwa ameshalala.

Afisa akimaliza kueleza kwa nini haiwezekani, Nthoki humwomba aeleze tena, polepole.