Jukwaa la Wageni

Mashine ililia mlio mkavu, ikawasha taa nyekundu. Idrisi akaifuta simu yake kwa pindo la jezi, akaiweka tena mbele ya mashine. Ikalia vilevile.

"Tiketi hii imeshatumika," akasema kijana wa getini bila kuinua macho.

"Imetumiwa na nani? Simu haijatoka mfukoni mwangu tangu Meru."

"Mashine ndiyo inasema, mzee. Simama kando wengine wapite."

Lakini wengine hawakupita. Zuena, mkewe Idrisi, aliweka simu yake: nyekundu. Mzee Kaberia, mkulima wa miraa kutoka Laare, akaweka yake: nyekundu. Kirimi wa bodaboda akaweka yake mara tatu, ya mwisho kwa hasira kana kwamba anapiga mhuri: nyekundu. Nyuma yao mabasi yalikuwa bado yanamwaga mashabiki wa Kathita Stars kando ya barabara ya Manyatta, watu wamevaa manjano toka kofia hadi soksi, wanapuliza vuvuzela, hawajui lolote. Habari ikapita mdomo kwa mdomo, na vuvuzela zikanyamaza moja moja.

Haikuwa mechi ya kukosa. Rupingazi, timu ya Embu, walihitaji sare tu ili wapande ligi ya taifa. Kathita ilibidi washinde. Wiki nzima Meru haikuzungumza lingine. Kwenye bucha ya Idrisi pale Majengo watu walikuwa wakibishana mpaka wanasahau walichokuja kununua. Na Idrisi, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa mashabiki, alisimama mbele ya gogo lake la kukatia nyama akatangaza kwamba safari hii hakuna kuburutana kwenye foleni. Kila mtu anunue tiketi kwa simu. Kampuni imeletwa kutoka Nairobi, mambo ni ya kisasa. Kaberia alikuwa ametaka kumtuma mkwe wake wa huku Embu awanunulie tiketi za karatasi. Idrisi akamcheka mbele za watu.

Sasa Kaberia alikuwa amesimama mbele yake, shavu moja limevimba kwa miraa, anatafuna kwa kasi kama aliyetumwa kuumaliza mti mzima.

"Mwenyekiti," akasema, "hiyo kisasa yako iko wapi?"

Idrisi akageuza uso. Watu wa Rupingazi, wamevaa buluu, walikuwa wakipita kando yao na vipande vya karatasi mkononi. Mwanamke mmoja wa Embu aliwaangalia kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Idrisi kuliko kebehi. Mara geti likafungwa, komeo likagonga, na kutoka upande wa pili wa ukuta kikasikika kipenga. Mpira umeanza.

Hakuna linalomtesa mpenzi wa mpira kama kuisikia mechi asiyoiona. Ukuta ulikuwa mrefu, juu umepandwa vigae vya chupa. Nyuma yake sauti zilipanda na kushuka: mguno mkubwa, kisha makofi, kisha kimya cha kutisha. Kila mara watu wa manjano waliangaliana. Hiyo ni yetu au yao? Simu zilikuwa zimekosa mtandao kwa wingi wa watu, hakuna hata aliyeweza kumpigia mtu aliye ndani. Idrisi alikwenda geti la mashariki, akalikuta limefungwa. Akaenda la magari, limefungwa. Akarudi la mashariki tena, kana kwamba huenda limebadili nia. Jasho lilimtiririka ingawa jua lilikuwa limejificha. Kila alipopita karibu na Zuena, Zuena alimtazama tu. Ni Zuena aliyemfundisha kupenda mpira, siku za uchumba wao, na Bundi, mshambuliaji wa Kathita, alikuwa mpangaji wao nyuma ya bucha. Chungu kilichomlisha kilikuwa cha Zuena.

Kirimi na vijana wenzake walianza kulitikisa geti. Hapo ndipo mlango mdogo ulipofunguka, akatoka askari mwanamke, rungu mkononi.

"Nani mkubwa wenu?"

Vidole vyote vikamwelekea Idrisi.

"Ingia ukazungumze na watu wa tiketi. Wewe peke yako. Na hawa vijana waache geti, tusije tukaharibiana siku."

Zuena akamshika mkono. "Baba Rahema, nenda utuletee jibu. Usiende ukakaa."

"Nitakaaje na nyinyi mko hapa?"

Chumba cha tiketi kilikuwa kidogo, kina meza, kompyuta iliyozimika, na msichana aliyekuwa akijipepea kwa kifuniko cha katoni. Idrisi aliingia na maneno makali yamejaa mdomoni, ya kumtosha mkurugenzi. Lakini hapakuwa na mkurugenzi. Msichana aliitwa Makandi, na aliposikia lafudhi ya Meru uso wake ukakunjika kama wa mtoto anayejizuia kulia.

"Mzee, mimi ni wa Kanyakine, huko kwetu Meru, tena niliandikwa kazi jana. Wameuza tiketi moja kwa watu wengi. Wa kwanza kufika anaingia, na waliowahi ni watu wa hapa Embu, wamekaa upande wao; nyinyi mnaambiwa imetumika. Wakubwa wangu wameenda, simu zao hazipatikani."

"Na jukwaa la wageni? Limejaa?"

Makandi akatikisa kichwa. "Nenda umwone msimamizi wa mechi. Yuko upande ule mwingine, amevaa suti ya kijivu. Pitia hapo kwenye ngazi."

Ngazi zile zilimtoa Idrisi juu, katikati ya jukwaa la wageni. Lilikuwa tupu. Viti vya saruji vilipanda safu kwa safu, vikavu na vyeupe, wala hapakuwa na mtu ila mlinzi mmoja aliyejiegemeza kwenye nguzo. Ng'ambo, Rupingazi walikuwa wamejazana kama nyuki, buluu tupu. Na chini, kwenye nyasi, kulikuwa na mpira.

Alikusudia kupita tu. Ndivyo alivyojiambia. Lakini Kathita walikuwa wamepata kona, na mguu wake ukakataa kusonga kabla kona haijapigwa. Ilipopigwa, ikaokolewa, akasema ngoja niuone huu wa kurusha. Kisha faulo. Kisha kipa wa Kathita akateleza, roho ikamruka, akaona atakuwa mwehu kuondoka wakati wa hatari. Akaketi kwenye ukingo wa kiti, nusu ya tako, kama mtu asiyeketi. Nje ya ukuta alisikia geti likitikiswa. Akaikaza shingo asigeuke.

Muda si mrefu kabla ya mapumziko, Bundi akaupokea mpira akiwa amelipa lango kisogo. Beki mmoja alimkaba mgongoni, wa pili akaja mbio. Bundi akauacha mpira upite katikati ya miguu yake mwenyewe, akageuka nao, na mabeki wale wakabaki wamekumbatiana wao kwa wao. Akaupiga chini chini, ukabusu mlingoti, ukaingia.

Uwanja mzima ukanyamaza. Katika kimya kile Idrisi akasikia mtu anapiga kelele kama ng'ombe aliyeponyoka machinjioni, na ilimchukua muda kujua kuwa ni yeye.

Bundi alikimbilia jukwaa la wageni, mikono imetandazwa, kama afanyavyo kila akifunga, wenzake wakimfuata. Alipofika kwenye uzio akasimama. Aliangalia safu zile tupu, juu mpaka chini, akamwona mtu mmoja wa manjano. Akafungua viganja: wako wapi? Idrisi akanyoosha kidole, akaonyesha ukuta. Bundi akatazama ukuta. Furaha ilimtoka usoni taratibu, refa akawapigia kipenga warudi kati.

Hapo ndipo Idrisi aliposhtuka. Alishuka mbio, akazunguka uwanja, akamfikia mwenye suti ya kijivu mapumziko yakiwa yameanza. Akamweleza yote, akamwonyesha jukwaa. "Viti ni vyetu. Watu wako hapo nje. Fungua tu."

"Nikifungua, nitamjua vipi aliyenunua na asiyenunua?" msimamizi akauliza, chupa ya maji mkononi.

"Ulizeni lolote la Kathita. Asiyejua mfukuzeni."

Mtu yule karibu acheke, kisha akaona Idrisi hafanyi mzaha. "Mzee wangu, wewe umeshaingia. Tulia uangalie mpira wako. Hao wa nje siwaoni, na nisiowaona siwajui."

Idrisi alirudi kwenye mlango mdogo. Askari mwanamke akamwonya, "Ukitoka huingii tena."

Nyuma yake wachezaji walikuwa wakirejea uwanjani. Alisimama pale, mkono kwenye komeo, akahisi kila unywele wa mwili wake ukivutwa kurudi kwenye kile kiti cha saruji. Kisha akatoka.

Walimzunguka wote kwa pamoja. "Wanasemaje?" "Tunaingia?"

"Hawafungui," akasema. "Lakini tunaongoza. Moja bila."

Alitarajia kelele za shangwe. Hazikuja. Watu walimtazama, na Zuena akapenya mpaka mbele.

"Tunajua," akasema. "Uwanja ulinyamaza, kisha tukasikia mtu mmoja akipiga kelele ya goli. Nimekaa na sauti hiyo miaka mingi, Baba Rahema. Singeweza kuikosea."

"Umekula peke yako," Kaberia akasema, akatema makapi ya miraa miguuni pake.

Idrisi akayatazama makapi yale. Aseme nini? Kwamba alikuwa anapita tu?

"Buda, tumechoka kuongea!" Kirimi akapaza sauti. "Wenye nguvu mbele! Hili geti linang'oka!"

Vijana wakarudi nyuma hatua kadhaa, wakajikusanya. Kwenye upenyo wa geti Idrisi aliona kile ambacho wao hawakukiona: safu ya askari wamevaa kofia za chuma, na mmoja wao ameshika bunduki ya vitoa machozi, tayari. Na katikati ya umati kulikuwa na akina mama, na wazee, na upande wa pili wa barabara mtaro mrefu wa mawe. Hakufikiri. Aliliegemea geti kwa mgongo, akatandaza mikono, tumbo lake la mchinjaji mbele.

"Pigeni hapa," akasema. "Mkitaka kuingia, mnipitie mimi kwanza."

"Toka, mwenyekiti! Wewe umeshaona yako!"

"Nimeona. Nimeona, na nilikosea kukaa. Lakini sitawazika watu Embu kwa ajili ya mpira. Askari wako nyuma ya geti hili na moshi mkononi. Kirimi, mama yako yuko pale nyuma. Atakimbilia wapi?"

Kirimi alikuja hadi akamkaribia, pua kwa pua, anahema. Idrisi alihisi chuma cha geti kikimtetemekea mgongoni, asijue ni geti ama ni yeye. Ndipo sauti ya Zuena ikainuka. Haikuwa nzuri, Zuena hakuwahi kujua kuimba. Aliimba wimbo wao wa siku zote, Kathita ni mto, mto haurudi nyuma, peke yake, kwa ukaidi, akiuelekezea ukuta na si watu. Akina mama wakampokea. Kisha Kaberia, na miraa yake shavuni. Wa mwisho alikuwa Kirimi, ambaye hakuimba bali alilipiga geti kwa viganja, kufuata mdundo, kulia na kushoto ya kichwa cha Idrisi.

Waliimba mpaka koo zikakauka. Hakuna aliyetulia mahali pamoja. Umati ulikwenda ukirudi kando ya ukuta, ukiutafuta upande ambao sauti ingepita vizuri zaidi. Jua lilipoanza kuelekea chini, kukalipuka ng'ambo ngurumo iliyoitikisa barabara. Haikuhitaji mkalimani. Rupingazi wamesawazisha. Waliimba tena, kwa nguvu ya mtu anayekimbizwa. Mara moja uwanja ukanyamaza ghafla na wote wakakatika pumzi, Zuena amemshika Kaberia begani bila kujua. Kisha makofi yakaja, ya watu walioponea chupuchupu. Halafu kipenga, kirefu, na Embu nzima ikapasuka kwa furaha.

Na baada ya kufungwa alasiri yote, geti kubwa likafunguliwa wazi pande zote mbili, ili watu watoke.

Buluu ilimiminika nje ikicheza. Manjano, kwa muda, haikujua la kufanya. Kisha Kaberia akaanza kutembea, akipingana na watu, bega mbele, na wengine wakamfuata. Hakuna aliyewauliza tiketi. Walipanda ngazi, wakalijaza jukwaa la wageni safu kwa safu, wakaketi wakiangalia nyasi ambazo hazikuwa na mpira. Wachezaji wao walikuwa wamelala chali katikati ya uwanja. Mmoja akainua kichwa, akawaona, akamgusa mwenzake.

Bundi alikuja hadi kwenye uzio, macho mekundu. "Tuliwasikia," akasema. "Kipindi cha pili chote. Ile ya mwisho iligonga mwamba, mama. Iligonga mwamba."

"Kula umekula?" Zuena akamuuliza, kwa kuwa hakuwa na lingine.

Kaberia akamgeukia Idrisi, aliyekuwa ameketi mwisho wa safu, mbali kidogo na wenzake. "Haya. Wewe uliliona letu. Tuambie."

Idrisi akasimama, kwa aibu. Alianza taratibu: mpira ulivyokuja, mabeki walivyomwandama. Alipofika kwenye kugeuka, akajisahau, akageuka mwenyewe kwenye ngazi, akaupiga kwa mguu wa kulia.

"Kushoto, mwenyekiti," Bundi akasema kutoka chini. "Nilipiga na kushoto."

Watu wakacheka, kicheko kilichochoka. Wakamtaka arudie, safari hii kwa kushoto, akarudia. Zuena hakucheka. Alingoja mpaka Idrisi alipomaliza, akamwashiria aje, akauliza kwa sauti ya chini, "Ulikaa muda gani kabla ya goli?"

"Nilikaa," Idrisi akasema. "Hata sikujua kama nimekaa."

Zuena akatazama lango la mbali, ambako mtu alikuwa ameanza kufungua nyavu.

"Ungekuwa ni mimi," akasema, "pengine ningekaa vilevile. Ndiyo maana nimekasirika."

Kisha akasogea kidogo ampe nafasi, na Idrisi akaketi karibu naye.