Setilaiti Imeona Kijani

Mwalimu mkuu Darsono alikuwa mtu wa kutetemeka mbele ya yeyote mwenye faili. Aliposikia kwamba ofisa wa elimu anakuja kuamua kama shule ihamishiwe kwenye mwinuko, mbali na bahari, alikimbilia darasa la tano na kuamuru ubadilishwe mchezo wa kuigiza ambao mgeni angeonyeshwa.

Mchezo wenyewe aliutunga Mwalimu Wuryani, ambaye wote walimwita Bu, yaani Bibi. Kinasih, binti wa miaka kumi na mmoja, alikuwa setilaiti. Alipanda mezani na mabawa yake ya maboksi yaliyobandikwa pakiti za kahawa zinazong'aa, akawaeleza wenzake duniani anachokiona kwenye ramani ya ukutani. Mwaka wa kwanza, mashamba ya mpunga. Wa kumi, mabwawa ya samaki. Wa thelathini, bahari. Waliocheza hewa ya joto walimzunguka wakihema, waliocheza barafu wakayeyuka sakafuni kwa raha zao. Walikuwa wameelewa zaidi ya alichoambulia Darsono kwenye semina zake zote.

"Hiyo bahari iondoke," Darsono alisema. "Nimeshaandika kwenye ripoti kwamba hapa ni pakavu. Unataka kuniumbua, Bu Wuryani?"

Pakavu! Sakafu aliyoikanyaga ilikuwa imeinuliwa kwa udongo mara tatu, kila maji yalipoingia, hadi mlango ukabaki wa kupita kwa kuinama. Wuryani alimdharau kwa moyo wote. Kisha, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa mikononi mwa huyohuyo, akachukua brashi na kuipaka bahari rangi ya kijani.

Siku ya siku ofisa alifika na batiki iliyopigwa pasi ikakakamaa. Aliingia kichwa chini akisoma simu yake, na akaendelea kuisoma hadi barafu yote ikaisha. Mwishoni alikumbuka kazi iliyomleta.

"Haya, setilaiti, sasa unaona nini?" aliuliza kama anayembembeleza mtoto mchanga.

Kinasih alimtazama mwalimu wake. Wuryani akainamisha macho.

"Kijani, Pak," mtoto akasema, yaani Bwana.

Ofisa akaandika kwamba hakuna haja ya kuhama. Akainuka, akatembea kifua mbele hadi mlangoni, na fremu ya juu ikampiga kwenye paji la uso.

"Nani kajenga mlango wa banda la kuku?"

Darsono alijichekesha, akasema fundi alikosea vipimo.

"Fundi hakukosea, Pak," Kinasih alisema, bado yuko juu ya meza. "Mlango ulikuwa mrefu. Sisi ndio tunapandisha sakafu, maana bahari inaingia."

Ofisa akafungua faili tena. Yule bwana, mkono mmoja kwenye nundu, akaandika kwamba aletwe fundi wa kuukata mlango uende juu zaidi. Kisha akatoka ameinama.

Kinasih hakumsindikiza hata kwa macho. Alikuwa akimtazama Wuryani, ambaye rangi ya kijani ilikuwa haijamtoka kwenye kucha.