Marehemu Ameacha

Mtaani kwetu Miyuji, sisi wa kanisani hatuzikani bila wasifu. Mwili hautoki nyumbani mpaka mtu asimame na karatasi awasomee watu marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani na aliugua nini. Wenye msiba wakishika kalamu hugundua kwamba hawajui hata pa kuanzia, ndipo mtu hutumwa kwangu. "Kamwiteni Dada Zipora, yule aliyekuwa kwenye kazi ya vitabu."

Dada, nami nimevuka hamsini. Mwanamke asiye na mtoto hana jina la kuitwa, huwezi kumwita Mama Fulani wakati huyo Fulani hayupo. Basi nimebaki kuwa dada wa kila mtu, na vikongwe wasio na meno nao huniita hivyo hivyo.

Kazi ya vitabu kweli nilikuwa nayo. Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji cha shirika la umma, mpaka mashirika yalipoanza kuuzwa tukaambiwa tunapunguzwa, kama chumvi iliyozidi kwenye mboga. Kwa kiinua mgongo nikamalizia nyumba yangu, vyumba viwili vya kwangu na kimoja cha kupangisha. Nikajiambia sasa nimepata wakati, nitaandika riwaya, na nikaiandika. Inahusu Kongwa nilikozaliwa, na dereva wa trekta kwenye yale mashamba ya karanga ya Waingereza. Nikaipeleka Dar es Salaam kwa mchapishaji, mmoja wa hawa wapya walioibuka biashara ilipofunguliwa. Kijana wa pale hakufika ukurasa wa pili. Akasema siku hizi wanachapa vitabu vya shule, hadithi nikiitaka nigharamie mwenyewe. Nikashukuru, nikapanda basi nikarudi.

Wapo wanaosema shida inamkomaza mwandishi. Labda huko kwao. Mimi ilinifanya mkali, na ikaniachia tabia ya kubishana na redio. Kama nimekua, nimekua kwa kuandika wasifu wa watu, kazi ambayo mwanzoni niliidharau kabisa. Kila marehemu alikuwa mcheshi, kila marehemu alipenda watu. Niliwahi kuandika hivyo kuhusu mzee aliyekuwa akiwarushia watoto mawe. Kisha nikajifunza kuuliza. Ukimwuliza mtu baba yako alikuwaje, atakujibu alikuwa mzuri. Mwulize akikasirika alikuwa anafanya nini, ataanza kusimulia. Hapo ndipo ninapopata sentensi moja ya kweli ya kuificha katikati ya zile za kawaida. Kuna bibi mmoja niliandika kwamba aliwapa kuku wake majina ya wakwe zake. Watu wakacheka hadi machozi mbele ya jeneza, na wakwe wakacheka zaidi. Siku ile nilijiona mwandishi.

Mwisho wa wasifu huwa ni ule ule: "Marehemu ameacha." Ameacha mjane, ameacha watoto, wajukuu, ndugu na marafiki. Sehemu hiyo haikuwahi kunisumbua mpaka alipofariki Yotham.

Yotham alikuwa mpangaji wangu, mtu wa makamo, muuza mitumba. Alikuja na begi moja mwaka niliohamia, akakaa. Malaria ilimpanda kichwani, majirani tukampeleka hospitali, na hakurudi. Mchungaji Eliakimu akaja kukaa uani kwangu, kofia magotini.

"Ndugu zake hawajulikani, Dada Zipora. Mtaa utamzika. Wewe tuandikie wasifu, na usome mwenyewe."

"Mimi huandika, Mchungaji. Kusoma ni kwa ndugu."

"Ndugu yuko wapi?"

Nikaenda sokoni kuuliza, kama kawaida yangu. Shaban, ambaye meza yake ilipakana na ya Yotham tangu biashara ya mitumba iruhusiwe, alikuwa amefunika nguo zake kwa heshima ya msiba.

"Yotham alikuwa mtu mzuri, dada."

"Mzuri vipi?"

"Hakuwa na maneno."

"Kwao wapi?"

"Kama aliwahi kusema Singida. Au Manyoni." Akajikuna shingo. "Ukikaa na mtu kila siku unadhani utamwuliza kesho."

"Alikuwa na mke?"

"Wallahi sijui. Ninachojua alikuwa hatangazi bidhaa. Sisi tunapiga kelele, yeye nguo zake anazifua, anazipiga pasi ya mkaa, ndipo anazitundika. Tulimcheka sana. Tukamwambia, mtu ananunua shati la marehemu Mzungu, wewe unalinyoosha la nini? Akasema, aliyelivaa alikuwa mtu."

Hiyo nikaibeba. Ilikuwa sentensi nzuri, lakini haikutosha kuwa maisha mazima ya mtu. Nikakaa mezani mchana ule na karatasi mbele yangu. Alizaliwa, sijui lini. Alisoma, sijui wapi. Kila nilichojua juu ya Yotham kilikuwa kimepita ukutani. Kikohozi chake cha asubuhi. Ufagio wake, maana alifagia uwanja wote pamoja na upande wangu, na hatukuwahi kukubaliana hivyo. Jioni akirudi alikuwa akisimama mlangoni kwangu, haingii, akauliza, "Dada, leo umeandika?" Nami nilikuwa nikimjibu, "Kidogo," nikaendelea kuchambua mchele. Mji mzima huu, hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Mimi husoma kwa sauti ninachoandika, nisikie kama sentensi inachechemea. Jioni moja Yotham akasimama pale mlangoni akauliza, "Samahani, dada, yule dereva wa trekta alifika nyumbani?" Nilikasirika. Nikamwona mdukuzi, anasikiliza ya watu. Nikamjibu, "Bado." Lakini tangu siku hiyo nikawa nasoma kwa sauti kubwa kidogo, na nikajiambia kwamba masikio yangu yameanza kuchoka.

Mchungaji alipopita kuuliza nimefikia wapi, nikamwambia mwisho umenishinda.

"Weka ameacha ndugu na jamaa wengi," akasema. "Mungu anawajua."

"Huo ni uongo, Mchungaji."

"Wewe si mtunzi wa hadithi?"

Neno hilo liliniuma, lakini nilielewa anachosema. Ningeweza kumpa Yotham mke Manyoni na mabinti wawili wenye sauti nzuri za kwaya, na watu wangelia vizuri. Ningemaliza kwa muda wa kuchemsha chai. Lakini kila nilipoinua kalamu niliona karatasi nyingine, ya kwangu, na mbele yake ameketi mtu asiyenijua anaumiza kichwa pale pale kwenye "ameacha", na Mchungaji anamwambia aweke ndugu na jamaa wengi. Nikaogopa. Sijawahi kuogopa kifo, niliogopa sentensi hiyo. Nikaamua nitaandika niliyoyajua tu, na mwisho nikauacha wazi. Nilitumaini nikifika pale nitapata la kusema.

Watu walijaa uani kuliko nilivyotarajia. Wauza mitumba walikuja wote wamevaa mashati yaliyonyooshwa. Mishi, jirani yangu, alikuja na wanawake wenzake wa Kiislamu wa mtaa wa chini, na sufuria za wali. Nikasimama kando ya jeneza nikasoma. Nikasema hatujui Yotham alizaliwa lini wala wapi. Minong'ono ikapita, kwa sababu wasifu hausemi hatujui. Nikasoma habari za pasi na shati, Shaban akafunika uso. Nikasoma habari za ufagio. Nikasema alikuwa akiniuliza kila jioni kama nimeandika, na kwamba hadithi yangu ilisikilizwa na mtu mmoja tu duniani, na yumo humu ndani ya sanduku.

Kisha nikafika mwisho. "Marehemu ameacha," nikasema, nikanyamaza. Mchungaji alikuwa ananitazama, midomo yake inanisomea, ndugu na jamaa. Upepo ulikuwa ukipiga bati la jikoni.

"Marehemu ameacha mtu mmoja," nikasema. "Ndiye mimi."

Sikuwa na maana waliyoipata. Kwetu mwanamke hasemi neno hilo mbele ya jeneza isipokuwa mjane. Mama mmoja akapiga yowe, na wanawake wakanijia kama mtu amefungua mlango wa zizi. Mmoja akanivua viatu. Mwingine akanifunga kanga kichwani. Nikasikia nyuma yangu, "Mimi niliwaambia, mama mwenye nyumba na mpangaji, miaka yote hiyo!" na mwenzake akimwambia anyamaze, mtu amefiwa. Wakaniingiza ndani, wakanikalisha kwenye godoro lililotandikwa chini, mahali pa mfiwa, mahali nilipowahi kupiga magoti mara nyingi nikiuliza maswali.

Wakaja mmoja mmoja kunipa pole. Nikafikiri, nitawaambia wakitulia. Nitawaambia hatukuwa na kitu, kwamba hakuwahi kuvuka kizingiti changu. Mchungaji alichungulia mlangoni, akanitazama, akaondoka. Yeye alijua.

Mishi akakaa karibu yangu, akanishika mkono akauweka mapajani mwake. Mkono wake ulikuwa na joto la sufuria. Sikumbuki ni lini kabla ya hapo mtu alinishika mkono asiuachie.

"Shoga yangu," akasema polepole, "kumbe ulikuwa unampenda yule. Mbona hukutuambia?"

Nikafungua kinywa nimrekebishe.

"Hata mimi sikujua, Mishi," nikamwambia, na nikaanza kulia.